Nusu Milimita ya Konea: Upasuaji wa Macho kwa Leza na Namna Jicho Linavyopona

Mwanga unaoingia katika jicho la mwanadamu hupindwa mara mbili kabla ya kufika mahali unapogeuzwa kuwa picha: kwanza kwenye konea, yaani kioo hai kinachofunika jicho kwa mbele, na kisha kwenye lenzi iliyo nyuma ya mboni. Wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, lakini takribani theluthi mbili ya nguvu yote ya kupinda mwanga hutoka kwenye konea, na kwa sababu hiyo badiliko dogo kabisa la umbo lake hubadili uoni wote wa mtu. Unene wa konea katikati ni kiasi cha nusu milimita tu, sawa na karatasi tano za daftari zilizopangwa pamoja. Haina mishipa ya damu, kwani ingekuwa nayo isingeweza kupitisha mwanga sawasawa, na imejaa neva kiasi kwamba punje moja ya mchanga ikiingia jichoni humtoa mtu machozi papo hapo. Upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni ni kazi ya kukichonga kioo hicho chembamba ili kipinde mwanga inavyotakiwa, na kwa kuwa kinachochongwa hakioti tena, mafanikio yake hutegemea vipimo vinavyotangulia na uangalizi unaofuata kuliko zile sekunde chache ambazo leza yenyewe hufanya kazi.

Kasoro zinazorekebishwa

Katika jicho lisilo na kasoro, konea na lenzi huikusanya miale ya mwanga ikakutana juu ya retina, ambayo ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kwa njia ya neva. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka mno, miale hukutana kabla ya kuifikia retina, na mwenye jicho hilo husoma kitabu bila taabu lakini hawezi kusoma kibao cha daladala mpaka gari lifike karibu kabisa; hali hii huitwa kutoona mbali. Jicho likiwa fupi, au konea ikiwa bapa, miale huifikia retina kabla haijakutana, na uoni wa karibu ndio unaopata taabu zaidi. Kasoro ya tatu ni astigmatizimu, inayotokea pale konea inapokosa mviringo ulio sawa pande zote kama wa mpira, ikawa imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine kama mgongo wa kijiko, hata mistari na herufi zikaonekana zina kivuli.

Ukubwa wa kasoro hizi hupimwa kwa dayopta, ambayo ndiyo ile inayoitwa kwa kawaida namba ya miwani. Namba hiyo ina maana iliyo wazi: mita moja ikigawanywa kwa 4 hutoa sentimita 25, na huo ndio umbali wa mwisho ambao mtu mwenye namba -4 huona sawasawa bila miwani, kwa kuwa kila kilicho mbali zaidi ya hapo huanza kufifia. Miwani huongeza kioo kingine mbele ya jicho, na lenzi mguso, yaani vile vioo vidogo laini vinavyovaliwa juu ya jicho lenyewe, hufanya vivyo hivyo kwa karibu zaidi. Upasuaji hauongezi kitu: kwa asiyeona mbali, leza hupunguza nyama ya katikati ili konea iwe bapa zaidi, kwa asiyeona karibu, hupunguza pembezoni kwa mduara ili katikati ibaki imebinuka, na kwa mwenye astigmatizimu, hupunguza zaidi upande ule uliozidi.

Kutoka kisu hadi mwanga

Wazo la kuichonga konea ni la kale kuliko leza. Daktari José Ignacio Barraquer, aliyefanya kazi jijini Bogotá nchini Kolombia, alianza kuchapisha mwaka 1949 nadharia yake ya kubadili uoni kwa kubadili umbo la konea, na mbinu yake ilikuwa kukata kipande cha juu cha konea, kukigandisha kwa baridi kali, kukichonga kwa mashine mfano wa ile ya fundi wa vyuma, kisha kukirudisha mahali pake. Katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alieneza mbinu nyingine ya kuichanja konea mistari inayotoka katikati kwenda pembezoni kama spoki za gurudumu la baiskeli, ili ilegee na kuwa bapa. Wote wawili walionyesha kwamba uoni unaweza kurekebishwa kwa njia hiyo, lakini mkono na kisu havikuweza kufikia usahihi uliohitajika, na wengi waliochanjwa kwa mistari waliendelea kubadilika uoni kwa miaka mingi baadaye.

Hatua iliyobadili mambo haikuanzia hospitalini. Katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM kilichoko Yorktown Heights, jimbo la New York, wanasayansi Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum walikuwa na leza ya eksima, ambayo hutoa miale ya urujuanimno, yaani miale isiyoonekana kwa macho iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 193. Tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Srinivasan alifika kazini na mabaki ya nyama ya bata mzinga yaliyosalia kwenye meza ya sikukuu, akaielekeza leza hiyo kwenye gegedu, na mkato uliotokea ulikuwa safi, usio na alama ya kuungua pembeni. Sababu ni kwamba miale hiyo huvunja vifungo vinavyoshikanisha molekuli za nyama, na molekuli hizo huruka zikaondoka na joto lote kabla halijaenea kwenye nyama ya jirani.

Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia, akishirikiana na Srinivasan, alionyesha kwamba leza hiyo inaweza kuichonga konea. Mwaka 1988, jimboni Louisiana, Daktari Marguerite McDonald aliitumia kwa mara ya kwanza kurekebisha kutoona mbali kwenye jicho la binadamu lililokuwa bado linaona, nalo lilikuwa la mwanamke ambaye jicho hilo lilikuwa liondolewe muda mfupi baadaye kwa sababu ya saratani, na ambaye alijitolea lichunguzwe kwanza ili wengine wafaidike. Mamilioni ya watu walioacha miwani tangu hapo wana deni kwake. Wakati huohuo, kisiwani Krete nchini Ugiriki, Ioannis Pallikaris aliunganisha leza ya eksima na wazo la Barraquer la kufunua tabaka la juu la konea, na kutoka hapo ikazaliwa mbinu inayojulikana leo kama LASIK.

Leza ya pili ilikuja kwa ajali. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwale wa leza ya femtosekunde ulimpiga mwanafunzi jichoni, na daktari aliyemchunguza alistaajabu kuona jeraha la nyuma ya jicho lilivyokuwa na umbo safi. Femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni, kisha kila kipande kikagawanywa tena mara bilioni, na mwanga unaodumu kwa muda mfupi hivyo unaweza kulenga nukta moja ndani ya konea, ukatengeneza kiputo kidogo bila kuudhuru utando ulio juu yake. Viputo vingi vikipangwa kandokando huwa mkato. Gérard Mourou, ambaye maabara yake huko Michigan ndiyo iliyokuwa na leza hiyo, na Donna Strickland walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018, pamoja na Arthur Ashkin aliyetuzwa kwa ugunduzi mwingine, kwa mbinu waliyoibuni katika miaka ya 1980 ya kuzalisha mwanga huo mkali wa muda mfupi.

Njia tatu za kuifikia nyama ya konea

Sehemu kubwa ya konea, takribani asilimia 90 ya unene wake, ni tabaka la katikati linaloitwa stroma, na hilo ndilo linalochongwa katika mbinu zote. Tofauti kati ya mbinu hizo ni namna ya kulifikia, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua jinsi mgonjwa atakavyopona.

Katika mbinu kongwe kuliko zote, iitwayo PRK, daktari huondoa utando wa juu kabisa wa konea, wenye unene wa mikroni 50 hivi, mikroni ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kisha leza ya eksima huchonga sehemu iliyobaki wazi. Utando huo, tofauti na stroma, huota tena baada ya siku chache. Katika LASIK, leza ya femtosekunde hukata kifuniko chembamba chenye unene wa mikroni 100 hadi 120, ambao ni kama wa karatasi moja ya daftari, kikaachwa kimeshikamana upande mmoja mithili ya ukurasa wa kitabu. Daktari hukifunua, leza ya eksima huchonga chini yake, kisha hukifunika tena bila kushona uzi wowote. Katika mbinu ya tatu, iitwayo SMILE, iliyoanzishwa nchini Ujerumani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2016, leza ya femtosekunde pekee hukata kipande chembamba chenye umbo la lenzi ndani ya konea, na daktari hukitoa kupitia tundu dogo la milimita chache, hivyo hakuna kifuniko kinachofunuliwa.

Hakuna mbinu iliyo bora kwa kila mtu. LASIK hurudisha uoni haraka kuliko zote, lakini kifuniko chake hakirudi kuwa imara kama konea ilivyokuwa mwanzo, na pigo kali linaweza kukisogeza hata baada ya miaka. Ndiyo maana mabondia, askari na wengine ambao kazi yao ni ya kupigwa au kugongwa usoni hushauriwa mara nyingi kufanyiwa PRK, ingawa maumivu yake ni makubwa na kupona kwake ni kwa taratibu.

Anayefaa na anayerudishwa nyumbani

Kipindi kinachoamua zaidi hatima ya jicho ni siku ya vipimo, ambayo huja kabla ya siku ya upasuaji na huchukua muda mrefu kuliko upasuaji wenyewe. Anayevaa lenzi mguso huambiwa aziache mapema, kwa kawaida wiki moja au mbili ikiwa ni laini na wiki kadhaa ikiwa ni ngumu, kwa sababu huikandamiza konea na kuharibu vipimo. Siku hiyo hupimwa namba ya miwani, mara nyingine baada ya matone ya kupanua mboni na kulegeza misuli ya lenzi. Hupimwa ukubwa wa mboni gizani, wingi na ubora wa machozi, presha ya ndani ya jicho, afya ya retina, na zaidi ya yote huchorwa ramani ya konea inayoonyesha unene na mbinuko wake nukta kwa nukta.

Hesabu inayofuata inaweza kueleweka na mtu yeyote. Kila dayopta moja ya kutoona mbali, ikirekebishwa katika eneo lenye upana wa milimita 6, huhitaji kuondoa takribani mikroni 12 za stroma. Mtu mwenye namba -4 na konea yenye unene wa mikroni 540, akifanyiwa LASIK yenye kifuniko cha mikroni 110, ataondolewa mikroni 48, ambazo ni pungufu ya unene wa unywele mmoja wa kichwani, na chini ya kifuniko zitabaki mikroni 382, akiba inayotosha. Mtu mwenye namba -9 na konea ya mikroni 490 atahitaji kuondolewa mikroni 108. Zikijumlishwa na 110 za kifuniko, sehemu iliyoguswa ni mikroni 218, yaani zaidi ya asilimia 44 ya konea yote, na zitakazosalia ni 272 tu. Madaktari huhesabu mikroni 250 kuwa sakafu isiyovukwa, na wengi huogopa kugusa zaidi ya asilimia 40, kwa hiyo mtu huyu wa pili hurudishwa nyumbani na miwani yake, au huelekezwa kwenye njia nyingine, kama vile kuwekewa lenzi ya kudumu ndani ya jicho. Sababu ya tahadhari hiyo ni kwamba konea iliyopunguzwa kupita kiasi huweza kushindwa kuhimili presha ya ndani ya jicho, ikaanza kufura na kuchongoka mbele, na uoni ukaharibika kwa namna ambayo hata miwani haiwezi kuurekebisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na stroma iliyoondolewa hairudi.

Lipo pia jambo linalowagusa kwa karibu wakazi wa Afrika Mashariki. Mzio wa macho, unaowafanya watoto wengi wafikiche macho yao kila siku kwa sababu ya vumbi, joto na chavua, huambatana na ugonjwa uitwao keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchongoka mfano wa pia. Ugonjwa huu katika hatua zake za mwanzo hujionyesha kama astigmatizimu inayobadilikabadilika, na mwenye nao huweza kudhani kwamba anahitaji leza tu ili aachane na miwani inayobadilishwa kila mwaka, ilhali kuichonga konea ya namna hiyo ni kuuharakisha ugonjwa. Ramani ya konea ndiyo inayoufichua, na kijana aliyeambiwa kwamba hafai kwa sababu hiyo amepata huduma kubwa, kwa kuwa ugonjwa ukigunduliwa mapema kuna tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno.

Wengine wanaoshauriwa kungoja au kuacha ni walio chini ya miaka 18, ambao namba za macho yao bado zinapanda. Wale ambao namba zao zimebadilika katika mwaka uliopita. Wajawazito na wanaonyonyesha, kwa sababu homoni hubadili konea na machozi. Wenye magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Wenye kisukari kisichodhibitiwa. Na wenye ukavu mkali wa macho.

Dakika za chumba cha upasuaji

Upasuaji wenyewe hufanyika mtu akiwa macho, kwa ganzi ya matone pekee, na kwa macho yote mawili huwa umekwisha kwa kawaida chini ya nusu saa. Mgonjwa hulazwa chali, kope zake hushikiliwa wazi na kifaa kidogo cha waya, na hutakiwa kukodolea taa ndogo iliyo juu yake. Katika LASIK, pete ya kufyonza huwekwa juu ya jicho ili litulie, na kwa sekunde hizo mgonjwa huhisi mgandamizo na huona giza likiingia taratibu kutoka pembezoni, jambo ambalo daktari mwema hulitaja mapema ili lisimtie hofu. Kifuniko kikishafunuliwa, taa iliyokuwa nukta moja husambaa na kuwa ukungu wa rangi. Kisha leza ya eksima huanza kutoa mlio wa harakaharaka wa kugongagonga, kila pigo likiondoa kama robo ya mikroni, na harufu inayofanana na ya nywele zilizoungua hupita puani, ingawa kinachonusika ni molekuli zilizovunjwa na wala jicho haliungui. Kamera ya mashine hufuata miondoko ya jicho mara nyingi kwa kila sekunde, ikasogeza mwale pamoja nalo au ikausimamisha likihama mno. Kwa mtu mwenye namba -4, mlio huo huisha kabla hajamaliza kuhesabu hadi 60.

Saa, siku na miezi ya kupona

Aliyefanyiwa LASIK hutoka akiona kana kwamba anatazama kupitia kioo chenye mvuke, na ganzi ikiisha macho humwasha, humtoa machozi na hukataa mwanga kwa saa nne hadi sita. Jambo jema kuliko yote katika saa hizo ni kulala, macho yakiwa yamefunikwa kwa ngao za plastiki zenye matundu, ambazo ataendelea kuzivaa usiku kwa siku kadhaa, kwa kawaida wiki moja, ili asijifikiche usingizini. Wengi huamka asubuhi wakisoma kalenda ya ukutani bila miwani, na hapo ndipo hatari ya kujisahau inapoanza, kwa sababu uoni umetangulia lakini jeraha bado halijashikana.

Aliyefanyiwa PRK ana njia tofauti. Huvalishwa lenzi mguso laini kama bandeji, na siku tatu za kwanza huwa za maumivu ya kweli, jicho likihisi kama limejaa mchanga, mpaka utando wa juu uote tena na lenzi iondolewe siku ya nne au ya tano. Uoni wake hupanda na kushuka kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia, na anapaswa kujua mapema kwamba ukungu huo ni sehemu ya kupona. Jua kali ni adui yake mahususi, kwa kuwa miale ya urujuanimno huchochea konea kujenga kovu lenye weupe, na kwa anayeishi karibu na ikweta miwani ya jua na kofia katika miezi ya mwanzo huhesabiwa kuwa sehemu ya dawa.

Kwa wote, wiki za mwanzo zina miiko yake. Macho hayafikichwi hata kidogo. Maji ya bomba, ya kisima, ya bahari na ya bwawa hayapaswi kuingia jichoni, na kuogelea huahirishwa kwa wiki mbili au zaidi. Wanja na vipodozi vingine vya kope huachwa mpaka daktari aruhusu, kwa kuwa unga wake hubeba vijidudu na hujipenyeza kwa urahisi kwenye mkato. Moshi wa jiko la mkaa na wa udi, pamoja na vumbi la safari ya bodaboda, huepukwa au huzuiwa kwa miwani iliyofunika pembeni. Mwislamu anayehofia udhu anaweza kutulia, kwa kuwa sheria ya dini yake inampa nafasi ya tayamamu mgonjwa ambaye maji yatamdhuru.

Dawa za matone ni za aina tatu: antibiotiki za kuzuia maambukizi, steroidi za kutuliza uvimbe, na machozi ya bandia ya kulainisha. Aina ya pili inahitaji uangalifu wa pekee. Steroidi zikitumika kwa muda mrefu bila kuangaliwa huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho, na kwa kuwa matone ya namna hiyo huuzwa katika maduka mengi ya dawa bila cheti, mgonjwa anayejiongezea chupa ya pili na ya tatu kwa sababu macho yake yanahisi vizuri anajidhuru bila kujua. Dawa hupunguzwa na kukomeshwa kwa ratiba ya daktari pekee.

Ukavu, mng'ao na dalili za hatari

Lalamiko la kawaida kuliko yote baada ya upasuaji ni ukavu wa macho, na chanzo chake ni neva zilizokatwa. Konea ndiyo inayoarifu tezi za machozi kwamba jicho limekauka. Neva zake zikikatwa, habari hiyo haifiki, machozi hupungua na mtu husahau hata kupepesa. Neva huota tena kwa taratibu, kwa hiyo ukavu huwa mkali zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo na kwa wengi huwa umetulia kati ya miezi sita na mwaka, ingawa wapo wachache ambao hudumu nao. Machozi ya bandia yasiyo na kemikali za kuhifadhi, kupepesa kwa makusudi mbele ya kompyuta na simu, na kutoelekeza feni usoni wakati wa kulala ni mambo madogo yenye msaada mkubwa.

Lalamiko la pili ni la usiku: duara za mwanga kuzunguka taa, miale inayochomoza, na mng'ao wa taa za magari yanayokuja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishiriki katika utafiti ulioitwa PROWL, ambao uliwauliza wagonjwa wenyewe kabla na baada ya LASIK, na ulionyesha mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao, na idadi ya jumla ya wenye dalili za aina hiyo ilipungua kuliko walipokuwa wakivaa miwani na lenzi. Lakini miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili yoyote kabla, hadi asilimia 46 walikuwa na angalau moja miezi mitatu baadaye, na hadi asilimia 28 ya wale wasiokuwa na ukavu waliupata. Walioshindwa au kupata shida kubwa katika shughuli zao kwa sababu ya dalili hizo walikuwa chini ya asilimia moja. Dereva wa masafa ya usiku anastahili kuambiwa takwimu hizi kabla ya kutia saini.

Dalili zisizosubiri ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, uoni unaoshuka ghafla, au pigo lolote kwenye jicho. Kila moja kati ya hizo ni sababu ya kurudi kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi ya konea, ingawa ni nadra, huacha kovu katika muda wa siku chache, na kifuniko kilichosogea hurudishwa kwa urahisi kikiwahiwa.

Leza nyingine katika kliniki za macho

Neno leza hutumika hospitalini kwa kazi nyingi, na anayelisikia hapaswi kudhani kwamba zote ni za kuondoa miwani. Ipo leza ya kuziba mishipa inayovuja kwenye retina ya mwenye kisukari, na ipo ya kusafisha utando unaofifia nyuma ya lenzi ya bandia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Ipo pia ya kutibu glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho na ambao huua neva ya jicho kimyakimya: utafiti uliofanywa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa wa huko, leza hiyo ilidhibiti presha ya jicho kwa mafanikio zaidi kuliko matone ya dawa iitwayo timolol. Leza hizi huokoa uoni unaopotea, na umuhimu wake kwa jamii ni mkubwa kuliko ule wa leza ya konea, ambayo humpa uhuru mtu ambaye kwa miwani alikuwa anaona vizuri.

Baada ya miaka

Upasuaji wa konea hausimamishi umri. Lenzi ya ndani ya jicho huanza kupoteza unyumbufu, na kuanzia miaka 40 na kitu kila mtu huanza kusogeza gazeti mbali ili alisome. Aliyerekebishwa kwa leza hataepuka hilo, na mwenye namba -2 ambaye angeweza kuvua miwani yake akasoma vizuri atajikuta anahitaji miwani ya kusomea. Vilevile, jicho lililokuwa refu hubaki refu, kwa hiyo hatari ya retina kubanduka, ambayo ni kubwa zaidi kwa wenye namba za juu, haiondoki pamoja na miwani, na uchunguzi wa mara kwa mara bado ni wajibu.

Kuna mambo mengine mawili yasiyosemwa mara nyingi kliniki. Konea iliyopunguzwa huvidanganya vipimo vya presha ya jicho, vikasoma chini kuliko hali halisi, na kwa watu wenye asili ya Afrika, ambao glakoma huwapata zaidi na mapema zaidi, daktari asiyejua kwamba jicho liliwahi kuchongwa anaweza kuupita ugonjwa bila kuuona. Na mtu huyohuyo atakapofikia umri wa mtoto wa jicho, hesabu ya kuchagua nguvu ya lenzi ya bandia itakuwa ngumu zaidi, kwa sababu kanuni za kawaida huichukulia konea kuwa na umbo lake la asili. Kwa hiyo anayeondoka kliniki akiwa ameacha miwani anapaswa kuomba na kuondoka na karatasi yenye namba yake ya zamani, unene wa konea kabla na baada, ramani zake na jina la mbinu iliyotumika, aiweke pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, kwa kuwa miaka 30 baadaye, mbele ya daktari ambaye pengine leo bado ni mwanafunzi, karatasi hiyo ndiyo itakayoeleza kile ambacho konea yenyewe haiwezi kusimulia.